Pointi za Chuoni na Mizani ya NBA

Wastani wa pointi anaoupata mchezaji wa kikapu chuoni ndio hoja ya kwanza kila inapojadiliwa kama ataimudu ligi ya kulipwa, lakini peke yake ni hoja inayopotosha. Stephen Curry wa Chuo cha Davidson alimaliza msimu wa 2008/09 akiwa mfungaji bora wa vyuo vya Marekani kwa wastani wa pointi 28.6. Miaka miwili baadaye Jimmer Fredette wa Chuo Kikuu cha Brigham Young aliongoza kwa pointi 28.9. Kwa tarakimu hizo, wawili hao hawatofautiani. Hata hivyo, Curry ametwaa ubingwa wa NBA mara 4, ilhali Fredette, aliyechaguliwa wa 10 mwaka 2011, aliambulia wastani wa pointi 6 katika ligi hiyo kabla ya kung'ara China na Shanghai Sharks.

Kwa Watanzania, mjadala huu unamhusu kijana wa nyumbani, Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987, akaanza kikapu akiwa na miaka ipatayo 15, akasoma Houston, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Alikuwa na kimo cha mita 2.21, na sifa yake kubwa ilikuwa kulinda kikapu. Msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8, na alizima mitupo 4.2 kwa kila mchezo. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa, naye akatangazwa mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu na Curry wa saba. Tanzania ikapata mchezaji wake wa kwanza NBA.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Alicheza takriban dakika 13 kwa mchezo na kupata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya NBA. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City hadi mwaka 2014, akiwa amecheza michezo 224 ya msimu wa kawaida kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Sababu mojawapo ya kutong'ara NBA imo kwenye kanuni. Chuoni, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote na kusubiri wanaokuja kufunga. NBA inamkataza kukaa ndani ya eneo hilo zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu. Hapo urefu hautoshi. Mchezaji wa kati analazimika kutoka, kusogea kwa miguu myepesi na kurudi kwa wakati. Mchezo wenyewe ni dakika 48 badala ya 40, na msimu wa kawaida una michezo 82, wakati timu ya chuo hucheza kama 35.

Sababu nyingine ilionekana mapema kwa aliyetazama vizuri. Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Pittsburgh iliifunga Connecticut, na Blair, aliyekuwa mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alipata pointi 22 na ribaundi 23. Blair alimsukuma kwa nguvu na kumtangulia kwenye nafasi. Katika NBA kila timu ina watu wenye nguvu za namna hiyo. Wastani mzuri wa msimu mzima ulificha kile ambacho mchezo mmoja dhidi ya mpinzani wa kiwango hicho uliweka wazi.

Kwa Curry wasiwasi ulikuwa kinyume: mwili mwembamba na kimo cha mita 1.88 hivi. Lakini silaha yake haikutegemea mwili mkubwa. Alitupa haraka, kutoka mbali, na msimu wa mwisho chuoni alipewa jukumu la kuongoza mashambulizi, kwa hiyo alijifunza kufunga na kugawa pasi. Ujuzi wa namna hiyo haupotei mstari wa pointi tatu unaposogezwa nyuma.

Kwa hiyo mizani ya haki ina maswali manne. Pointi zilipatikana kwa njia gani? Dhidi ya nani? Chini ya kanuni zipi? Na mchezaji ameujua mchezo kwa miaka mingapi, maana aliyeanza akiwa na miaka 15 anahitaji muda ambao ligi ya kulipwa haiutoi kwa wepesi.

Maswali hayo yanafaa pia katika uwanja wa Mirongo, jijini Mwanza. Kijana anayecheza hapo hutumia kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu: dakika 40, mstari wa pointi tatu ulio mita 6.75 kutoka kikapuni, na hakuna zuio la sekunde 3 kwa mlinzi. Mstari wa NBA uko mita 7.24, karibu nusu mita nyuma zaidi. Kocha anayetaka kujua uwezo wa mfungaji wake anaweza kuchora mstari huo kwa chaki na kuhesabu mitupo inayoingia. Kijana mrefu anaweza kufundishwa mapema kukaba mbali na kikapu badala ya kuachwa asimame chini yake kwa sababu tu anawazidi wenzake kimo. Hatua hizo hazihitaji fedha nyingi, na zinamsaidia kijana kujua cha kurekebisha akiwa bado na miaka ya kujifunza.