Mzazi wa Ufipa hakosi maziwa, anakosa mikono ya kumsaidia

Rukwa inalima, inashiba na bado inabaki na ziada. Mahindi na maharage ya Uwanda wa Ufipa hupakiwa kwenye malori Sumbawanga na Laela kwenda kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa na Njombe pekee ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi, nazo pia ni mikoa ya nyanda za juu yenye chakula tele. Kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 30.

Kudumaa kunaletwa na mambo mengi: maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, mimba za utotoni, sahani yenye ugali mwingi na mboga kidogo. Makala haya yanatazama jambo moja linaloanzia chumbani kwa mzazi, katika wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, kwa kuwa hapo familia yenyewe inaweza kuchukua hatua bila kusubiri bajeti ya mtu yeyote.

Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 84 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miezi miwili walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kwa wenye miezi minne hadi mitano, walikuwa wamebaki asilimia 27. Kina mama wanaanza vizuri, kisha wanakatishwa njiani. Mwaka 2022 wastani wa watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya bila kupewa kitu kingine ulipanda hadi asilimia 64, kutoka 59. Ni hatua nzuri, lakini zaidi ya theluthi moja bado wanapewa maji, uji au maziwa ya ng'ombe kabla ya wakati. Ukiangalia kinachowakatisha mama zao, utakuta jembe, kuni, ndoo ya maji, na sauti za watu wazima wanaosema mtoto hashibi.

"Mtoto huyu hashibi"

Siku mbili tatu za kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya njano, tena machache. Mama mkwe akiyaona matone yale huingiwa na wasiwasi: "Mwanangu, mtoto analia njaa, tumkorogee kauji kepesi." Anasema kwa huruma, naye ndiye aliyelea watoto wa ukoo mzima. Lakini tumbo la mtoto wa siku moja linatoshwa na kama kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya, na dang'a ina kinga ambayo hakuna uji unaoweza kuileta.

Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto akijazwa uji ananyonya kidogo, na titi nalo linatengeneza kidogo. Baada ya wiki mbili mama anaamini kweli kwamba hana maziwa, na uji unaongezwa. Vivyo hivyo kwa maji: karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, hivyo mtoto mwenye kiu anahitaji titi. Kipimo cha kushiba ni mkojo na mzani. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana.

Mhudumu wa afya anayeijua kazi yake hasimami mlangoni akatoa mawaidha. Anamsalimu bibi kwanza, ananawa mikono, anakaa mkekani kando ya mzazi, anamwomba amnyonyeshe mtoto, naye anatazama. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama. Kichwa na mgongo viwe mstari mmoja, pua ielekee chuchu. Mama anamgusa mtoto mdomo wa juu kwa chuchu na kusubiri hadi apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha anamsogeza mtoto kwenye titi. Kidevu kikigusa titi, mdomo wa chini ukapinduka nje, na weusi wa titi ukaonekana zaidi juu kuliko chini, mtoto amepachikwa sawasawa, na utamsikia akimeza. Akishika chuchu peke yake itachanika, na mama ataanza kuogopa kila anapomsikia mtoto akilia. Marekebisho hayo ya dakika chache yanaweza kuokoa miezi ya kunyonyesha. Bibi aliyeyaona kwa macho yake atawafundisha wakwe wengine vizuri kuliko bango lolote.

Mama anayeishi na VVU naye ananyonyesha, akimeza dawa zake kila siku na mtoto akipewa dawa ya kinga kama kliniki inavyoelekeza.

Baridi, kitovu na jiko la mkaa

Ufipa iko juu, sehemu kubwa yake karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mzazi wa Juni au Julai anapambana na baridi kali. Familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kumuua mama na mtoto usingizini. Joto salama lipo kwenye kifua cha mama: mtoto avalishwe kofia, soksi na nepi tu, alazwe ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe khanga na blanketi. Njia hiyo, inayoitwa huduma ya kangaruu, ilianzia hospitalini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa watoto njiti waliokosa mashine za joto. Baba pia ana kifua. Mama akienda kuoga, ashike zamu.

Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, mafuta wala dawa za kienyeji. Akigoma kunyonya, akipata degedege, akihema haraka, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akilegea, au kitovu kikitoa usaha, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Likizo ya mkulima

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Baba hupata siku tatu. Mwanamke wa Ufipa anayepindua majani na kuyafukia kwenye matuta hana mwajiri wa kumwandikia barua hiyo. Wanaoweza kumpa likizo ni mume, mama mkwe na wifi zake.

Likizo hiyo inapangwa kabla ya uchungu kuanza. Kuni za wiki sita zikatwe na kupangwa. Ijulikane nani atachota maji, na nani atapalilia sehemu ya mzazi. Nauli ya dharura iwekwe pembeni. Mzazi ale milo miwili zaidi ya kawaida yake: uji wa ulezi, maharage, mboga za majani, yai, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Ikimlazimu kwenda shamba la mbali, amchukue mtoto na mtu wa kumshika kivulini, au akamue maziwa kwa mkono kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mahali pa baridi hukaa saa 6 hadi 8, na mtoto anywe kwa kikombe.

Serikali nayo ina sehemu yake. Januari 2024 ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Kijiji kinapaswa kuuliza wa kwake ni nani, na kama anawafikia wazazi katika wiki ya kwanza, wakati chuchu inapochanika na kauji kanapoanza kukorogwa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni mahali pa kuuliza hayo hadharani, na wanaume wahudhurie, kwa sababu wao ndio wanaoamua nani aende shambani na nani abaki nyumbani na mtoto.