Dania kwa Kobe: Kiungo, Si Chakula

Sisi watu wa pwani si wageni wa kobe. Nani asiyemkumbuka Mzee wa Haller Park, Bamburi, aliyefanya usuhuba na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004? Waliovuka hadi kisiwa cha Changuu, Unguja, nao wamewalisha majani kwa mkono wale kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Ndiyo maana wenzetu waliohamia huku Nakuru wakimkuta kobe uani, humtupia dania iliyobaki jikoni. Kisha huniuliza: je, ni salama?

Jibu langu ni hili: dania haimdhuru, lakini ni kiungo, si chakula. Kobe wa huku Bonde la Ufa ni kobe madoa, na yeye ni mla nyasi. Tumbo lake limeumbwa kusaga nyasi polepole. Kwa hivyo karibu robo tatu ya chakula chake iwe nyasi. Zinazobaki ziwe magugu na majani mengine, kama mchunga, majani na maua ya haibiskasi, au mpungate uliotolewa miiba. Mkate, ugali, maharagwe na nyama si vyakula vyake, na matunda matamu humwendesha tumbo.

Tuje kwenye viungo vya jikoni. Dania waweza kumpa vijiti vichache mara moja au mbili kwa wiki. Nanaa na mrihani zina mafuta makali, kwa hivyo jani moja moja latosha, na akikataa usimlazimishe. Pasili, mchicha na spinachi zina oksaleti, kemikali inayoshika kalsiamu tumboni na kumzuia kobe kuipata, basi zipunguze sana. Majani ya nyanya, ya viazi mbatata na ya mparachichi usimpe kabisa. Lantana, ule mti wa ua wenye maua ya rangi rangi, ni sumu hata kwa ng'ombe.

Kwa nini kuhangaikia kalsiamu? Kwa sababu gamba la kobe ni mfupa. Akiikosa, gamba hulainika au huota likiwa limepinda, na likishapinda halinyooki tena. Ubaya wake ni kwamba hutaliona leo wala kesho. Kobe atakula spinachi kwa furaha miezi na miezi, na wewe ukidhani unamtunza. Huko porini kobe madoa hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cha fisi, ili apate kalsiamu. Wa nyumbani mwekee ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, unaookotwa ufuoni kwetu. Ukija kutoka Mombasa au Lamu, tia mmoja mkobani. Uoshe kwa maji baridi, uanike, kisha umwachie ajitafunie.

Lakini kalsiamu bila jua haifanyi kazi, kwani jua ndilo linalompa vitamini D ya kuitumia. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Kobe hana joto lake mwenyewe, na akipoa, chakula hukaa tumboni bila kusagika. Mlishe asubuhi jua likishatoka, si jioni, na apate maji safi kila siku.

Jambo jingine ni dawa za wadudu. Dania ya sokoni huenda ilipuliziwa dawa juzi tu. Ioshe vizuri kwa maji yanayotiririka, au bora panda yako kwenye mkebe. Maua ya waridi kutoka mashamba ya Naivasha usimpe hata yakiwa mazuri vipi, maana hayakukuzwa kwa kuliwa.

Mwisho, tusisahau sheria. Kobe madoa ni mnyama wa porini, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali cha KWS. Ukimwona akivuka barabara ya Gilgil, msaidie avuke upande aliokuwa akielekea, kisha umwache. Usimtie garini kuwapelekea watoto Mombasa. Na kama tayari yuko uani kwako, usiende kumtupa porini popote. Fika kwa KWS, pale Hifadhi ya Ziwa Nakuru, uwaeleze. Akiacha kula, akivimba macho au akitoa povu puani, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.