Moshi wa gari kuukuu ni onyo, usizibwe kabla ya kuchunguzwa

GARI dogo la familia linapoanza kunguruma na kufuka moshi, wenyewe wengi huagiza jambo moja tu kwa fundi: ekzosi ichomelewe, kelele iishe. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na haigharimu pesa nyingi. Hata hivyo, maradhi yanayojitokeza kwenye bomba la moshi aghalabu huanzia kwenye injini, na anayenyamazisha kelele bila kutafuta kiini chake huenda akalazimika kununua injini nyingine.

Suala hili lina uzito katika mji wa Noonkopir, ambao wengi huujua kwa jina la Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Wakazi wengi wa mji huo hufanya kazi Nairobi, nao hupitia Athi River asubuhi na jioni wakiwa katika magari yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo.

Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) haziruhusu gari kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Likishaingia, lakini, hutumika miaka na mikaka. Gari lililosajiliwa Japani mwaka wa 2003 na kuletwa nchini 2010 sasa lina zaidi ya miaka 20.

Mazingira nayo huchangia. Mawe ya barabara za mitaani hugonga bomba, huku vumbi la msimu wa kiangazi likiziba kichujio cha hewa. Isitoshe, lita moja ya petroli ikiungua huzalisha karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Gari linalopelekwa shuleni na sokoni pekee halipati joto la kutosha kuukausha mvuke huo, basi ekzosi huliwa na kutu kutoka ndani.

Rangi za moshi

Moshi wa samawati huashiria kuwa oili inaungua ndani ya silinda. Ukionekana gari linapowashwa asubuhi kisha ukatoweka, yamkini mipira ya vali imekauka. Ukizidi gari linapoongezwa kasi, ringi za pistoni ndizo za kushukiwa. Injini ya Toyota ya aina ya 1ZZ-FE yenye ujazo wa lita 1.8, iliyotumika katika baadhi ya magari ya Premio na Allion, imejulikana kwa kula oili, hasa zile zilizoundwa kabla ya 2005.

Moshi mweusi humaanisha kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Chanzo chaweza kuwa kichujio kilichoziba, nozeli zinazovuja au sensa ya oksijeni iliyochakaa. Hata tundu dogo la ekzosi mbele ya sensa hiyo huleta hasara: hewa ya nje huingia, kompyuta ya gari hudhani petroli ni kidogo, nayo huongeza nyingine. Mwenye gari huona tu kwamba tangi linaisha upesi.

Mvuke mweupe na mwepesi wakati wa baridi ya asubuhi si ugonjwa. Lakini ukiwa mzito, ukidumu hata injini ikishapata moto, na maji ya radieta yakipungua pasipo mahali yanapovuja, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Maji ya visima vingi vya Kitengela yana chumvi. Yakitiwa katika radieta mara kwa mara huacha magaga yanayozuia mzunguko wa maji, injini ikachemka na gasketi hiyo ikaharibika.

Hewa isiyo na harufu

Hatari kubwa zaidi haina rangi. Gesi ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba likitoboka chini ya viti, gesi hiyo hupenya katika matundu ya sakafu, hasa vioo vikiwa vimefungwa kwenye msongamano wa magari.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hawezi kulalamika. Iwapo abiria wote huumwa kichwa safarini na kupata nafuu wakishuka, vioo vifunguliwe mara moja na gari lisitumike hadi likaguliwe.

Kifaa kinachong'olewa

Mafundi wengine hushauri katalitiki konveta, kifaa kinachosafisha moshi, ing'olewe gari linapopoteza nguvu. Kifaa hicho kina madini ya thamani ya platinamu, paladiamu na rodiamu, hivyo kina soko. Zamani ilidaiwa kwamba hakina faida nchini kwa kuwa petroli yenye risasi ilikiharibu. Hoja hiyo ilikufa Kenya ilipoacha petroli hiyo mwaka wa 2006.

Kwa kweli kifaa hicho huziba kwa sababu oili inaungua, au kwa kuwa plagi mbovu inaruhusu petroli mbichi kufika humo na kuyeyusha sehemu zake za ndani. Kikiondolewa, gari hupata nafuu ya muda, sumu huongezeka hewani, na plagi au ringi husalia mbovu vilevile.

Utaratibu wa ukaguzi

Ukaguzi uanze kwa mambo mepesi: kipimo cha oili kila wiki, kiwango cha maji injini ikiwa baridi, kichujio cha hewa na plagi. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa ishara kwamba maji yameingia katika oili. Fundi naye atakiwe kupima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kuamua kufungua injini.

Uchomeleaji ufuate baada ya hapo, na pale tu bomba lilipo na unene wa kushika. Lililooza libadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema; lakini kwa gari kuukuu, sharti kwanza kijulikane kilichopasua ukuta huo.