Usibonyeze F1 Kabla Hujasoma

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua hapa chuoni ni mtumba. Dell OptiPlex, HP Compaq, mashine zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani kwa miaka kadhaa kabla hazijafika Kariakoo. Ni ngumu, bei yake inabebeka bumu likiingia, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Lakini zina tabia moja. Asubuhi unaiwasha, badala ya kwenda kwenye Windows inakuletea maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na chini yake inakuomba ubonyeze F1 ili uendelee. Unabonyeza, inawaka. Kesho yake unabonyeza tena. Baada ya wiki mbili kidole kinakwenda chenyewe, macho hayasomi kitu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa na HP ya namna hiyo mwaka jana, tukiwa tunaandika ripoti za utafiti. Siku ya kwanza maandishi yalipotokea aliniita. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilimwambia, "Bonyeza F1 mwanangu, hizi mashine za zamani ndivyo zilivyo." Nitarudi kwake baadaye.

Kwanza tuelewe maandishi yanatoka wapi. Unapowasha kompyuta, kabla Windows haijaguswa kabisa, kuna programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu, inaitwa BIOS. Kazi yake ya kwanza ni kama ya mwalimu wa zamu anayeita majina mstarini: RAM upo? Kibodi upo? Diski upo? Feni inazunguka? Ukaguzi huo mafundi wanauita POST. Anayekosekana au anayeonekana mgonjwa ndiye anayeandikwa pale kwenye kioo. Kwa hiyo ujumbe ukitokea kabla ya nembo ya Windows, mara nyingi tatizo ni kifaa au mpangilio wa BIOS. Fundi akikuambia moja kwa moja kwamba "tupige Windows upya", muulize kwanza ameona nini kwenye kioo.

Mwalimu huyu wa zamu ana vituko vyake. Ukichomoa kibodi atakuandikia kwamba kibodi haionekani, halafu palepale anakuomba ubonyeze F1. Kwa kibodi ipi?

Ujumbe wa kawaida kuliko wote kwenye mashine za umri huu ni wa saa na tarehe. Dell huandika "Time-of-day not set". HP huandika "163-Time & Date Not Set", na pengine huongeza namba 162, yaani mipangilio imepotea. Namba hizi zina ukoo mrefu. IBM walipotoa kompyuta yao ya AT mwaka 1984, waliweka saa inayoendelea kutembea kwa betri hata mashine ikiwa imezimwa, na betri ikiisha ilitoa namba za mia na sitini na kitu. Zaidi ya miaka 20 baadaye HP bado walikuwa wanaandika namba zilezile.

Betri yenyewe ni ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Niliyonunua mimi ilikuwa shilingi 2,000. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu, gusa chuma cha kasha ili utoe umeme tuli mwilini, halafu sukuma kile kibanio kidogo, betri itachomoka yenyewe. Weka mpya, maandishi yakiangalia juu. Washa, ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP), rekebisha tarehe na saa, hifadhi, toka. Basi.

Watu wanaupuuza ujumbe huu kwa sababu F1 inaupita. Lakini kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2008 haiwezi kufungua vizuri kurasa salama za intaneti, maana vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwake yeye vyeti vya leo havijaanza hata kutumika. Nimeona mtu ananunua bando jipya akidhani mtandao ndio unamkatalia kuingia kwenye akaunti yake ya chuo, kumbe ni saa tu.

Kuna mtego mwingine hapo, na huu ndio unaowapa mafundi wa vichochoroni hela za bure. Betri ikifa, BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, pamoja na namna ya kuongea na diski. Tuseme Windows yako iliwekwa diski ikiwa kwenye AHCI, halafu BIOS ikarudi yenyewe kwenye RAID au IDE. Windows itaanza kuwaka, ghafla kioo cha bluu chenye 0x0000007B, inajizima na kuwaka upya, inarudia hivyohivyo. Faili zako zote zipo salama. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya SATA, rudisha ilivyokuwa. Kama hukumbuki ilivyokuwa, jaribu moja baada ya nyingine. Halafu badilisha betri, la sivyo umeme ukikatika usiku utaanza upya.

Ujumbe wa "NTLDR is missing" au "BOOTMGR is missing" unatisha zaidi ya unavyostahili. Wa kwanza ni wa enzi za Windows XP, wa pili ni kuanzia Vista. Yote miwili inasema kwamba mashine imekwenda kutafuta Windows mahali na haikuikuta. Kabla hujalia, angalia kama umeacha flashi imechomekwa. BIOS ikipangwa kuanza na USB, itaichungulia flashi yako yenye noti na muziki, itakosa Windows humo, na itagoma. Chomoa, washa tena. Ikiendelea, tazama ndani ya BIOS kama diski inaonekana kwa jina. Isipoonekana, zima, chomoa kebo za diski pande zote mbili, zirudishe kwa kukaza. Mashine iliyosafiri nyuma ya bodaboda huwa inalegea.

Mashine isiyoonyesha kitu, inalia piip piip tu, mara nyingi inalalamikia RAM. Milio haina lugha moja, kila kampuni ina yake, na baadhi ya OptiPlex za zamani zina taa nne ndogo mbele zenye namba 1 hadi 4, andika zipi zinawaka. Ila kabla ya kutafuta maana, chomoa RAM, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, irudishe mpaka vibanio vilie. Vumbi letu hili linamaliza mashine nyingi zisizo na ugonjwa.

Sasa nirudi kwa mwenzangu. Maandishi yake yalikuwa haya: "1720-SMART Hard Drive Detects Imminent Failure". Diski ina sehemu za akiba, kama daftari lenye kurasa za ziada mwishoni. Ukurasa ukiharibika, diski inahamishia kazi kwenye akiba kimyakimya na kuhesabu. Hesabu ikivuka kiwango, SMART inapiga kelele. Neno "imminent" maana yake karibu sana. Alibonyeza F1 kwa wiki tano hivi. Kila asubuhi diski ilimwambia inakufa, na kila asubuhi aliiruhusu iendelee, kwa ushauri wangu. Siku moja haikuonekana tena kwenye BIOS. Ilikuwa inatoa mlio wa tik, tik, tik.

Hapa nataka nisikike vizuri. Ukiona 1720, au ujumbe wowote unaotaja SMART, bonyeza F1 mara hiyo moja, na kazi pekee siku hiyo iwe kunakili. Anza na ripoti, dodoso, data, kisha picha. Peleka kwenye flashi na kwenye barua pepe. Usianze na ukaguzi wa diski wa Windows, maana unaisomesha diski nzima na inaweza kufia hapohapo. Usipige Windows upya juu ya diski hiyo, itakuwa ni kupaka rangi ukuta unaodondoka. Nunua diski nyingine, na ukinunua mtumba, iwashe palepale dukani uone kama iko kimya.

Mwenzangu aliokoa sura ya kwanza na ya pili tu, kwa sababu msimamizi wake alikuwa na nakala ya karatasi yenye wino mwekundu. Tulikaa usiku tatu tukichapa, mimi nasoma, yeye anachapa. Madodoso yalikuwa bado kwenye boksi chini ya kitanda, kwa hiyo data tuliingiza upya, moja baada ya jingine.