Windhoek: Maji Yanayorudi Bombani

Tangu mwaka 1968 wakazi wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, hunywa maji ambayo yalishapita kwenye mabafu, masinki na vyoo vyao. Maji hayo husafishwa, huchanganywa na maji ya mabwawa, kisha hurudi bombani. Hakuna mji mwingine duniani uliotangulia kufanya hivyo kwa kudumu, na leo takriban robo ya maji ya Windhoek hupatikana kwa njia hiyo.

Mji haukuwa na pa kukimbilia. Mvua yake ni kama milimita 360 kwa mwaka, na jua hunyonya mabwawa kabla watu hawajayatumia. Okavango, mto wa karibu usiokauka, uko umbali wa kilomita 700 hivi. Bahari iko karibu zaidi, kilomita 300, lakini Windhoek imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wake. Kuyaondoa maji ya bahari chumvi na kuyapandisha huko kungegharimu fedha nyingi.

Mtambo wa sasa wa Goreangab, ulioanza kazi mwaka 2002, unaweza kutoa lita milioni 21 kwa siku. Maji yanayouingia yameshasafishwa mara moja kwenye mtambo wa Gammams, ambako bakteria hula sehemu kubwa ya uchafu. Yakifika Goreangab hutiwa kemikali yenye chuma inayofanya kazi ya shabu mtungini: taka laini hushikana zikawa mabonge. Badala ya kusubiri mabonge yazame, wataalamu hupuliza viputo vidogo vya hewa vinavyoyabeba hadi juu, yakaenguliwa kama povu. Maji hupita kwenye mchanga, hukutana na gesi ya ozoni inayoua vijidudu na kuvunjavunja kemikali, kisha huchujwa kwa mkaa maalumu unaonasa mabaki ya dawa na harufu. Hufuata utando wenye vitundu ambavyo bakteria hawezi kupenya. Klorini huja mwishoni.

Hatua ni nyingi kwa makusudi: moja ikikosea, nyingine idake. Vipimo vikionyesha kasoro, maji huzungushwa tena ndani ya mtambo, na mjini haliendi tone.

Hata hivyo, uamuzi uliobeba mambo yote ulifanyika mbali na mtambo huo. Majitaka ya viwanda yalitengwa na ya majumbani. Kiwanda cha ngozi au cha bia hakimwagi uchafu wake kwenye mkondo unaoelekea Goreangab; huenda kwenye mtambo mwingine, Ujams. Ni rahisi mno kuzuia sumu isiingie kuliko kuitafuta baadaye ndani ya mamilioni ya lita. Mji wowote unaoacha viwanda vimwage taka kwenye bomba moja na nyumba unajifungia mlango huu mapema.

Chumvi ndiyo inayosumbua. Mtambo hauiondoi, na kila mzunguko wa matumizi huongeza nyingine, kuanzia jikoni hadi kwenye sabuni. Kwa hiyo maji yaliyorejeshwa hayaruhusiwi kuzidi kama asilimia 35 ya mchanganyiko.

Kikwazo kingine ni watu kuyakubali maji hayo. Toowoomba, mji wa Australia, uliulizwa kuhusu mpango wa aina hii mwaka 2006 wakati wa ukame mkali, na takriban asilimia 62 ya wapiga kura waliukataa. Mwaka 1968 Windhoek ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, na wakazi wake wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura yoyote. Imani ya wakazi iliyopo leo imejengwa baadaye, kwa kupima maji kila siku, na hakuna mlipuko wa ugonjwa uliohusishwa na maji hayo.

Mabwawa yanapokauka chanzo hiki huendelea kutiririka, kwa sababu watu hawaachi kuoga wala kupika. Lakini nacho kina kikomo: mgao ukiwabana wakazi, majitaka pia hupungua, na Goreangab hupokea kidogo wakati uleule mji unapokihitaji zaidi.