Usiitupe ile chupa ya nyanya

Panda matatu pale Kitengela saa saba mchana, ukielekea Kajiado, na bila shaka utakumbana na manukato makali. Jua linawaka, vumbi linaingia dirishani, na jirani yako amejipulizia kitu kitamu kama sharubati. Kufika Isinya, kichwa kinakugonga!

Ilhali nyumbani, nyuma ya kabati la nyanya, huenda imesahauliwa chupa yenye lebo ya samawati na dhahabu iliyoandikwa 4711. Vijana huicheka. Wanasema ni harufu ya wazee, tena haidumu.

Kweli haidumu, lakini haikukusudiwa kudumu. Manukato ya aina hii yalianzishwa na Mwitaliano Johann Maria Farina katika mji wa Cologne, Ujerumani, ambako kampuni yake ilianza mwaka wa 1709. 4711 ilifuata baadaye katika mji uo huo. Jina lake ni nambari ya nyumba tu, iliyotolewa wakati majeshi ya Ufaransa yalipoutwaa mji huo mwishoni mwa karne ya 18. Ndani yake mna mafuta ya limau, chungwa na bergamoti, lile tunda linalonukia katika chai ya Earl Grey. Mafuta haya ni mepesi na hupaa upesi, nayo spiriti inapokauka huondoka na joto la ngozi. Ndiyo maana unajihisi kama aliyenawa uso. Yakiisha, unajipaka tena.

Wamaasai wamejua siku nyingi kwamba nchi kavu yataka harufu safi. Majani ya leleshwa waliyaweka kwapani kabla ya duka lolote kufunguliwa Kitengela.

Ila kuna tahadhari, na hii si mzaha. Mafuta ya bergamoti ya zamani yana kemikali ambayo, ukijipaka shingoni kisha ukasimama juani, huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi kwa miezi. Viwanda vya leo huipunguza au kuiondoa, lakini chupa ya nyanya pengine ni ya kale. Basi nyunyizia kitambaa cha mfukoni, si shingo. Na usikaribie jiko, kwa maana spiriti hushika moto.

Kwanza ifungue unuse. Ikinuka kama rangi ya kupaka ukuta, mwanga na hewa vimekwisha kuiharibu. Ikiwa bado inanukia limau lililokatwa sasa hivi, irudishe kabatini, gizani, kisha umwombe nyanya ruhusa.