Saa 72 za kwanza: Kazi ya dawati la jinsia na watoto

Wengi wetu tunapotajiwa kituo cha polisi, fikira hukimbilia pingu, rungu na seli. Ni wachache wanaojua kwamba katika vituo vingi nchini Kenya kuna meza, na kwingine chumba kizima, kilichotengwa kwa ajili ya watoto, vijana na familia zenye matatizo. Hilo ndilo dawati la jinsia na watoto. La kwanza lilifunguliwa mwaka 2004 katika kituo cha Kilimani, jijini Nairobi, na tangu wakati huo mpango huo umeenezwa hadi mashambani, zikiwemo kaunti za Kitui na Makueni.

Huenda ukauliza: ukurasa wa afya una shughuli gani na polisi? Jibu ni kwamba mtoto anaponajisiwa au mwanamke anapobakwa, maisha yake yako mikononi mwa watu wawili kwa wakati mmoja, yaani mhudumu wa hospitali na askari. Mmoja wao akichelewa, kazi ya mwingine huharibika. Na saa ya ukutani haimsubiri yeyote.

Tatizo lenyewe si dogo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2019 kuhusu dhuluma dhidi ya watoto uliwahoji vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24. Wasichana wapatao 16 kati ya kila 100, na wavulana 6 kati ya kila 100, walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Naam, hata wavulana. Nao uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15.

Kwa nini saa 72?

Virusi vya Ukimwi vinapoingia mwilini havijikiti papo hapo. Huchukua muda kabla ya kuenea. Katika muda huo mfupi, dawa zinazojulikana kama PEP zaweza kuvizuia. Lakini sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka hata siku moja.

Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupewa pia tembe za dharura za kuzuia mimba. Hizi zaweza kutumiwa hadi saa 120, yaani siku tano, ingawa nazo hufanya kazi vyema zaidi zikimezwa mapema. Juu ya hayo kuna dawa za kukinga magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na sindano ya pepopunda iwapo kuna majeraha.

Ushahidi nao una muda wake. Mbegu za kiume, damu na nywele za mhalifu hupotea mwathiriwa anapooga, anapofua nguo au anapojisafisha sehemu za siri. Uchungu ni kwamba jambo la kwanza ambalo mama mwenye huruma humfanyia binti yake ni kumwogesha na kuloweka nguo zake. Kwa mapenzi yake mema, amefuta ushahidi.

Safari ni ndefu

Sasa tazama ramani. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000 na, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, wakazi 1,136,187. Makueni, iliyomegwa kutoka Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, ni ndogo kuliko Kitui, lakini ina takriban kilomita mraba 8,000 na wakazi 987,653. Barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui imepunguza adha ya safari. Hata hivyo, mtu aliye ndani ya vijiji vya Mutha au Ikutha bado hutegemea bodaboda kabla ya kuifikia lami, na nauli hiyo si kila mzazi anayo mfukoni.

Ukame huongeza hatari. Mito inapokauka, wasichana hutembea mwendo mrefu kwenda kuchota maji, mara nyingi alfajiri au jioni. Katika Makueni kuna pia Barabara Kuu ya Mombasa, ambapo miji ya Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei hukesha ikiwahudumia wasafiri na madereva wa malori. Penye njaa na pesa za haraka, msichana wa shule huwa windo rahisi.

Hapa ndipo wewe msomaji wa mjini unapoingia. Pengine unaishi Umoja au Changamwe, ila mama yako na wadogo zako wako Kyuso au Kathonzweni. Jambo kama hili likitokea, simu ya kwanza hupigiwa wewe, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye nauli na ndiwe uliyesoma. Utakaloamua katika dakika tano hizo laweza kuwa na matokeo ya miaka mingi.

Hospitali kwanza au polisi kwanza?

Wengi hudhani kwamba daktari hawezi kumgusa aliyebakwa kabla ya kupata karatasi kutoka kwa polisi. Si kweli. Matibabu hayasubiri ripoti. Ikiwa hospitali iko karibu kuliko kituo, nenda hospitali. Ikiwa kituo kiko karibu, ripoti huko, na askari wana wajibu wa kusaidia mwathiriwa afike hospitalini. Kinachotakiwa ni kwamba pande zote mbili ziwe zimefikiwa kabla ya siku tatu kwisha.

Kuna fomu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni fomu ya PRC, ambayo hujazwa hospitalini mwathiriwa anapopimwa kwa mara ya kwanza. Humo huandikwa majeraha yaliyoonekana, vipimo vilivyochukuliwa na dawa zilizotolewa. Ya pili ni P3, ambayo hutolewa na polisi na kujazwa na daktari au tabibu ili itumike mahakamani. Fomu ya P3 hutolewa bila malipo. Nayo Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inasema kwamba matibabu ya mwathiriwa katika hospitali ya umma hugharimiwa na serikali. Katika Kitui na Makueni, hospitali za rufaa za kaunti ziko katika miji ya Kitui na Wote, lakini usizipite hospitali ndogo zilizo njiani, kama zile za Mwingi na Makindu. Dozi ya kwanza ya PEP ni afadhali imezwe leo kwenye hospitali ndogo kuliko kesho kutwa kwenye hospitali kubwa.

Ukifika kwenye dawati

Ukiingia kituoni, usieleze habari zote pale kaunta mbele ya watu. Sema tu kwamba unataka kumwona afisa wa dawati la jinsia na watoto. Unapaswa kusikilizwa faraghani. Ukitaka askari wa kike, omba.

Afisa huyo ataandika taarifa kwenye kitabu cha matukio na kukupa nambari ya OB. Iandike nambari hiyo, kwa maana ndiyo ithibati kwamba uliripoti. Kisha atachukua maelezo, atatoa P3, atapokea nguo na vielelezo vingine, na kuanza upelelezi. Mtoto hapaswi kulazimishwa kurudia kisa chake kwa kila askari anayepita. Iwapo mshukiwa ni mtu wa nyumba moja, afisa hushirikiana na idara ya watoto ili kutafuta mahali salama pa kumweka mtoto, ili asirudi usiku huo kulala karibu na aliyemdhulumu.

Dawati halishughulikii ubakaji pekee. Mke au mume anayepigwa anaweza kuripoti huko, na chini ya Sheria ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, anaweza kuomba mahakama itoe amri ya kumzuia mchokozi asimkaribie. Mtoto aliyetupwa, aliyenyimwa chakula, au anayetaka kuozwa mapema ni mgeni wa dawati hilo vilevile. Hata kijana aliyekosa ana haki zake. Kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na mtoto aliyekamatwa hapaswi kuwekwa seli moja na watu wazima.

Mbuzi hawatibu ugonjwa

Kuna desturi ambayo dawati hupambana nayo kila mara: kumaliza mambo nyumbani. Wazee huketi, familia ya mvulana huleta mbuzi au pesa kidogo za karo, watu hula, na mambo huzikwa. Mara nyingi mshukiwa ni mjomba, jirani au mtu anayeisaidia familia kwa chakula, hivyo mama huogopa kwamba akimshtaki, watoto wengine watalala njaa. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa.

Lakini fikiri. Mbuzi hawazuii Ukimwi. Hawazuii mimba ya mtoto wa darasa la sita. Na siku wazee wanazotumia kuitana na kujadiliana ndizo zile siku tatu ambazo PEP ingefanya kazi. Tena, sheria haiwapi wazazi wala wazee mamlaka ya kufuta kesi ya unajisi. Uamuzi wa kuisimamisha ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Adhabu nayo ni kali. Anayepatikana na hatia ya kunajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20, na kwa wa miaka 16 au 17, hakipungui miaka 15.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Polisi wakizembea

Tusidanganyane, si kila dawati hufanya kazi inavyostahili. Kuna vituo ambako dawati ni meza tu iliyosongwa kwenye kona. Kuna maafisa waliopata mafunzo kisha wakahamishwa. Na kuna askari ambao bado humuuliza mwathiriwa alikuwa amevaa nini.

Mambo haya yalifikishwa mahakamani. Mnamo Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru, chini ya Jaji J. A. Makau, ilitoa uamuzi katika kesi iliyojulikana kama kesi ya wasichana 160. Wasichana walionajisiwa walikuwa wamelalamika kwamba polisi walipuuza ripoti zao, wengine wakitakiwa kutoa pesa kabla ya kuhudumiwa. Mahakama iliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao kwa kutochunguza, ikawaamuru wafanye upelelezi wa haraka na wa kufaa. Kwa hiyo, ukiambiwa ulete pesa za mafuta ya gari au uje wiki ijayo, jua kwamba unanyimwa haki yako. Omba kumwona mkuu wa kituo, ukiwa na nambari yako ya OB.

Dalili za kuchunguza

Watoto wengi hawasemi. Mzazi au mlezi na aangalie mabadiliko haya: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kurudia hali hiyo, kumwogopa ghafla mtu fulani, kushtuka usingizini, kushuka katika masomo, maumivu anapokwenda haja au kutembea, na zawadi au pesa zisizojulikana zilikotoka. Dalili moja pekee haithibitishi jambo, lakini ni sababu ya kumketisha mtoto na kumuuliza kwa upole, bila kumtisha wala kumlaumu.

La kufanya

• Mhakikishie mwathiriwa kwamba hana kosa.

• Asioge, asifue, asibadilishe nguo. Ikiwa amezibadilisha, zitie katika mfuko wa karatasi au bahasha kubwa ya kaki. Usitumie mfuko wa plastiki, kwani unyevu huharibu ushahidi.

• Afike hospitalini siku hiyo hiyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 72.

• Ripoti kwenye dawati, pata nambari ya OB na fomu ya P3.

• Rudini hospitalini kwa vipimo vya baadaye na kwa ushauri nasaha. Vidonda vya moyo huchelewa kupona kuliko vya mwili.

• Ukikwama, piga simu bila malipo: 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 999 na 112 kwa dharura.

Na ikiwa siku tatu zimekwisha kupita, au mtoto alikwisha kuogeshwa? Nenda vivyo hivyo. Magonjwa ya zinaa bado yaweza kutibiwa, mimba yaweza kugunduliwa mapema, na mtoto atapata mtu wa kumsikiliza. Kesi pia haijafa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani katika kosa la ngono kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake.

Msomaji, zungumza na jamaa zako wa nyumbani kabla ya balaa kutokea. Waambie kuhusu siku hizo tatu, nguo zisizofuliwa, na meza ile iliyoko kituoni. Yule nyanya anayewalea wajukuu kijijini hatalisoma gazeti hili. Wewe umelisoma, basi mpelekee habari.